Swali la Baba: Nimtoe Binti Yangu Chuoni?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Awindiri alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa ameshika daftari la bintiye. Binti huyo namjua vizuri, kwani alif, ba, ta alizianzia kwangu kwenye mkeka wa madrasa, na leo yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini Arua. Baba akaniambia: "Ustadh, huku chuoni wanamfundisha kozi ya teknolojia mpya. Roboti, akili bandia, mashine za kusoma macho ya watu. Nasikia mengine ni mambo ya Dajjal. Ada ya muhula ujao sijalipa bado. Soma alichoandika, kisha uniambie: nimtoe?"

Nilikwenda nalo nyumbani nikalisoma mara tatu. Mhadhiri wao alikuwa amewaambia kila mmoja aandike kurasa chache akieleza amejifunza nini katika kozi hiyo na anafikiri nini. Binti na baba yake wameniruhusu niyazungumze hapa bila kutaja majina, kwa sababu swali la baba huyu si lake peke yake. Nimeulizwa na wengine wa Arua na Koboko, na naamini wako wengi wanaoliuliza kimyakimya.

ALICHOKIANDIKA BINTI

Ameanza kwa kuorodhesha aliyofundishwa: akili bandia, ndege zisizo na rubani, pesa za kidijitali, vitambulisho vya alama za vidole na mboni ya jicho. Kisha akaandika sentensi moja iliyonisimamisha. Amesema amejifunza majina mengi ya mashine, lakini hajui ni ipi kati yake itamfaa bibi yake.

Ndugu zangu, hilo ni swali la mtu aliyelelewa. Sisi huuliza kitu hiki kinatoka kwa nani, ni cha Wazungu au ni cha Wachina. Yeye ameuliza kinamfikia nani, na kinamwachaje. Kisha akaandika mambo matatu yaliyotokea nyumbani kwao. Nitayachukua moja moja.

LA KWANZA: VIDOLE VYA BIBI

Bibi yake ni mzee sana. Maisha yake yote amelima, muhogo na tumbaku, kama mama zetu wengi wa West Nile. Alipokwenda katika ofisi moja kuhusu kitambulisho chake, aliwekwa mbele ya mashine ya alama za vidole. Mara ya kwanza mashine ikakataa. Wakamwambia anawe mikono, ikakataa tena. Jembe lilikuwa limesugua vidole mpaka mistari imefutika. Isitoshe, mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye karatasi zake si wa kweli, umempunguzia umri. Kwa hiyo pesa za wazee, zile shilingi 25,000 kwa mwezi ambazo mpango ulipoenezwa nchi nzima uliwalenga wenye miaka 80 na zaidi, hazimfikii. Mjukuu ameandika kwamba bibi alirudi nyumbani akaangalia viganja vyake, akauliza kama Mungu amemfuta.

Hili si la bibi mmoja. Tangu uandikishaji wa Ndaga Muntu ulipoanza mwaka 2014, kadi hiyo imekuwa mlango wa mambo mengi: laini ya simu, hospitali, msaada wa wazee. Mwaka 2021 mashirika mawili ya Uganda pamoja na kituo cha haki za binadamu cha chuo kikuu cha New York yalitoa ripoti ndefu kuhusu wazee na wanawake waliokosa huduma kwa sababu hawana kadi au kadi ina makosa.

Lakini tuwe waadilifu, kwani uadilifu ni amri hata kwa mashine. Teknolojia hiyo hiyo ilifichua uongo mkubwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2018 serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walihakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho, kuanzia Machi mpaka Oktoba, Rhino Camp na Bidibidi zikiwemo. Hesabu iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa watu milioni 1.4. Walioonekana kweli walikuwa kama milioni 1.1. Katika orodha kulikuwa na majina ambayo hayakuwa na watu. Na kinachotolewa kwa jina la mkimbizi ni haki ya maskini. Atakayekila kwa majina ya uongo atakuwa amekula haramu.

Basi tuseme nini? Mashine moja imemfichua mwongo na imemfukuza bibi mkweli. Kosa liko pale mwanadamu anapoikabidhi mashine hukumu kisha akaondoka kwenye meza. Katika sheria yetu kadhi hawezi kusema "karatasi imekataa" akaenda zake; huuliza mashahidi. Bibi huyu ana mtaa mzima wa kumshuhudia.

Na tusidhani kudai haki katika mambo haya ni kazi ya wenye digrii peke yao. Ndugu zetu Wanubi wa Kenya, watu wa asili moja na Wanubi wa hapa Arua, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kupitia jumuiya yao iitwayo Nubian Rights Forum kupinga namna mpango wa Huduma Namba ulivyoanzishwa. Januari 2020 mahakama ilizuia kuchukuliwa kwa DNA na kwa taarifa za mahali mtu anapokaa kwa setilaiti, na ikasema mpango usiendelee bila sheria madhubuti za kuulinda. Watu waliosumbuliwa miaka mingi kuhusu vitambulisho ndio waliosimama. Uganda nayo ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019. Nani kati yetu ameisoma? Binti huyu ameisoma, chuoni, katika kozi hiyo hiyo.

LA PILI: MKOPO WA KAKA

Kaka yake anaendesha bodaboda. Pesa za simu zilianza Uganda mwaka 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya, na sote tunajua kheri yake. Zamani mtu akitaka kumpelekea mama yake pesa kijijini alimpa dereva wa basi na dua. Leo hata sadaka ya Ijumaa wako wanaoituma kwa simu.

Lakini ndani ya simu hiyo hiyo mna mkopo. Huombi kwa mtu, huoni haya, unabonyeza tu. Kaka alikopa pesa kidogo ya tairi. Siku ya kulipa akakuta zimeongezeka, akakopa kwingine ili alipe huku. Ilipofika wa tatu pikipiki ikauzwa, na ndani ya nyumba ile mke na mume hawakusemezana kwa muda mrefu. Dada mtu ameandika kwamba mkataba wenyewe haukutaja neno riba popote. Uliandika "ada ya huduma".

Enyi vijana, nisikilizeni hapa. Jina halibadilishi hukumu. Wanavyuoni wanatofautisha. Gharama halisi ya kuhudumia mkopo, ambayo haipandi kwa ukubwa wa deni wala kwa kurefuka kwa siku, hiyo wameipa nafasi. Ziada inayopanda kadiri deni linavyokuwa kubwa na siku zinavyozidi ni riba, hata ikipambwa kwa rangi nzuri kwenye kioo cha simu. Soma kabla hujabonyeza. Kama huelewi, uliza.

Ila tukisema haramu halafu tukanyamaza, tumefanya nusu ya kazi. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na benki ya kwanza, Salaam Bank, ilipata leseni mwaka 2023. Zote hizo ni hatua, lakini kijana wa bodaboda anayetaka pesa ya tairi usiku huu hatangoja benki. Zamani mtaani kwetu kulikuwa na mtu wa kumwendea, ukakopa ukarudisha kile kile. Tumeiacha qardh hasan ikafa, kisha tunashangaa vijana wetu wanakopeshwa na simu. Tukumbuke kwamba wakati kijana huyu anabonyeza, wengi wetu tuliokuwa na pesa ya tairi tulikuwa tumelala.

LA TATU: INSHA ISIYO NA BIBI

Hapa ndipo nilipompenda zaidi mwanafunzi wangu, kwa sababu amejishtaki mwenyewe.

Ameandika kwamba insha yake ya kwanza hakuiandika yeye. Aliiandikisha kwa ChatGPT, ile programu ya akili bandia iliyotolewa kwa watu wote Novemba 2022. Kwa dakika mbili akapata kurasa tatu, Kiingereza safi, hoja zimepangwa. Akafurahi. Usiku akaisoma tena, akaona kwamba bibi hayumo. Kaka hayumo. Awindiri haimo. Insha ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuishi mahali popote. Kesho yake akagundua wenzake wawili wana insha zinazofanana na ile kama mapacha. Akaifuta, akaanza upya kwa mkono.

Alikuja pia kwangu na jambo jingine. Aliiuliza mashine ile impe hadithi kuhusu elimu. Ikampa yale maneno maarufu ya kutafuta elimu mpaka Uchina, ikasema yamo katika Sahih Bukhari, ikataja na nambari. Tukafungua kitabu pamoja. Nambari ile ilikuwa na hadithi nyingine kabisa, isiyohusiana na safari wala Uchina. Maneno yale hayamo katika Bukhari, na wanavyuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa dhaifu, wengine wakasema yametungwa. Binti akashangaa: "Ustadh, lakini ilisema kwa uhakika!"

Nikamwambia, ndiyo, na tatizo liko hapo. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, kisha zinakisia neno linalofaa kufuata neno, na jingine baada yake. Mara nyingi zinapatia. Zikikosea zinakosea kwa sauti ile ile ya kujiamini, kwa sababu hazijui kwamba zimekosea. Na hazina sanad. Ukiniuliza mimi nimesoma kwa nani, nitakutajia mwalimu wangu, na mwalimu wake. Umma huu ulijenga elimu nzima ya kuuliza nani kakwambia, naye aliambiwa na nani, je ni mkweli, je ana kumbukumbu nzuri. Sura ya Hujurat inatuamuru kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Basi mtoto wa madrasa aliyefundishwa isnadi ana silaha ambayo wengi katika darasa lile hawana. Tatizo ni kwamba hatukumwambia kuwa silaha hiyo inatumika pia nje ya msikiti.

Msinielewe vibaya. Sisemi kuitumia programu hiyo ni haramu. Kumwomba mtu akueleze jambo usilolielewa si dhambi, na mashine inaweza kukueleza hesabu saa sita ya usiku mwalimu akiwa amelala. Kuchukua kazi isiyo yako ukaweka jina lako ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) ameikemea ghushi kwa ukali tunaoujua sote. Ama kuhusu fatwa za talaka, mirathi na damu, nawasihi sana: msiiulize simu kisha mkavunja nyumba. Nimeshapokea mume na mke waliokuja na jibu la simu mkononi, na jibu lilikuwa halikuuliza hata swali moja kati ya yale ambayo kadhi huanza nayo.

Na wasiodhani kwamba ni jini waondoe hofu. Nyuma ya mashine kuna watu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kutisha ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Binti ameandika hilo pia, akauliza kama jasho lao limelipwa haki yake. Kwa nini swali hilo litoke chuoni lisitoke kwenye khutba zetu?

NAMJIBU BABA

Sasa nirudi kwenye swali. Nimtoe?

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, kwani hofu ya baba huyu si ya kudharauliwa.

Babu zetu Waislamu wa Uganda walizikimbia shule za wakati wao. Walikuwa na sababu. Shule zilikuwa za misheni, na mtoto aliyeingia Yusuf aliweza kutoka Joseph. Waliilinda imani yetu, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini kulinda huko kulikuwa na bei, na tuliolipa ni sisi: vizazi vya Waislamu vikawa madereva, wachinjaji na wachuuzi, kazi za halali na za heshima, huku ofisi zinazoamua mambo yetu zikijaa wengine. Ilibidi watu kama Mwanamfalme Badru Kakungulu watoe ardhi na jasho lao ili Waislamu wawe na shule zao. Leo kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza Mbale mwaka 1988, na kina tawi hapa hapa Arua. Chuo Kikuu cha Muni nacho kinafundisha sayansi na teknolojia mjini kwetu. Mtoto wa Awindiri haachi nyumba, haachi swala, anasoma teknolojia na kurudi kufuturu na mama yake. Babu zetu hawakupata nafasi hii, nasi tuikatae?

Twapenda kujisifu kwamba neno algorithimu limetokana na jina la Al-Khwarizmi, Muislamu aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9. Ni kweli. Lakini sifa ya marehemu hailipi deni la aliye hai. Tujiulize ni nani atakayekaa mezani mashine inapoamua kuhusu bibi wa Awindiri.

Nitoe mfano mmoja. Mashine hizi zinajua Kiingereza kwa sababu kimeandikwa mno. Lugha zetu zimeandikwa kidogo, kwa hiyo mashine inazibabaisha. Watafiti wa Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere walikusanya hazina ya sentensi za lugha tano za Uganda ili mashine zijifunze, na Kilugbara kilikuwa kimojawapo. Alhamdulillah. Lakini Kikakwa hakikuwemo, wala Kinubi, lugha ambayo bibi huyu anaombea dua. Nani atazileta? Atakuwa mtoto anayejua lugha ya nyumbani na kazi ya kompyuta pia. Ukimtoa chuoni umeamua kwamba atakuja mgeni kutuandikia, au hatutaandikwa kabisa.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi: msilipe ada tu. Ulizeni. Mwambie mtoto akusomee alichojifunza, hata kama huelewi nusu yake. Baba huyu aliniambia hakuwahi kumsikiliza bintiye akisoma insha yake. Alilichukua daftari akaja moja kwa moja kwangu.

Kwa wanafunzi: andika kazi yako mwenyewe. Ukisaidiwa na mashine, sema. Ikikutajia aya au hadithi, fungua kitabu. Kama huna kitabu, njoo madrasa.

Kwa sisi walimu wa madrasa: tuache kuijibu kila teknolojia kwa neno moja. Kijana akiuliza kuhusu mkopo wa simu, tukae naye tusome ule mkataba. Kwetu tumeanza Jumamosi baada ya Alasiri, wanafunzi wa vyuo wanakuja na maswali yao, nasi tunaleta vitabu. Siku ya kwanza walikuja sita. Maswali mawili nilishindwa kuyajibu papo hapo, nikasema sijui, nitauliza. Hakuna aliyenidharau.

Kwa wenye uwezo: tufufue qardh hasan. Sanduku dogo la mtaa, pesa ya tairi, pesa ya dawa, linaloandikwa vizuri na mashahidi wawili. Vijana wetu wa kompyuta watatunza hesabu.

Ama bibi, tumeandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, na wazee watatu wenye umri karibu na wake wamekubali kumshuhudia. Mjukuu ndiye aliyeiandika, akataja na vifungu vya sheria. Jibu halijaja bado. Tutakwenda tena.

Na baba? Nilimrudishia daftari, nikamwambia asome mwenyewe ukurasa unaomhusu mama yake mzazi. Alisoma akiwa amesimama kwenye mwanga wa taa ya msikiti. Alipomaliza hakusema kitu kuhusu Dajjal. Aliniuliza tu mwisho wa kulipa ada ni lini.

Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu katika elimu yenye manufaa, awalinde na ghushi na riba, na atujaalie sisi wakubwa masikio ya kuwasikiliza. Nilipopatia ni kwa tawfiki yake, na nilipokosea ni kwa udhaifu wangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu wa madrasa, Awindiri, Arua